Kurekebisha pointi za gari la zamani kwa fila geji na balbu moja

Kila Desemba inapokaribia na watu wakijiandaa kwenda ushago, naulizwa maswali yale yale. Babu ameniachia Beetle, likipanda mlima linakohoa, je, ni kabureta? Nimefunga pointi mpya jana na leo gari limekataa kabisa kuwaka, nimeharibu nini? Pengo ni ngapi? Mbona fundi wangu anapima kwa kipande cha pakiti ya sigara? Nimeyajibu kwa simu, na nimeyajibu nikiwa nimeinama nyuma ya Beetle la mtu pale Ngong Racecourse siku ya Concours d'Elegance, yale maonyesho ya magari. Sasa nayaandika yote pamoja.

Mwongozo huu ni wa injini ya silinda nne yenye distribyuta ya pointi. Distribyuta hugawa cheche kwa silinda; pointi ni vipande viwili vya chuma ndani yake vinavyogusana na kuachana, na kila vinapoachana, koili (inayokuza umeme wa betri) hutoa cheche. Nafasi kati yake vikiachana kabisa ndiyo pengo. Mfano wangu ni Volkswagen Beetle 1300, kwa sababu ndilo gari ninaloendesha na ndilo ninaloulizwa sana. Ukiwa na Datsun 1200, Peugeot 404, Mini au Land Rover ya zamani, kazi ni ile ile. Kinachobadilika hasa ni vipimo.

Kabla hujashika spana, shika jambo hili moja: pengo kwanza, taimingi (wakati cheche inapotoka) baadaye. Ukiongeza pengo, pointi zinafunguka mapema, kwa hiyo cheche inawahi. Ukipunguza pengo, cheche inachelewa. Maana yake, kila unapogusa pengo umegusa na taimingi, hata kama distribyuta hukuizungusha hata kidogo. Wanaoanza wengi husumbuka siku nzima kwa sababu waliweka taimingi, kisha wakarudi "kusawazisha" pengo. Kazi yote ya mwanzo imeharibika na hawajui.

Unachohitaji

- Fila geji ya milimita, yaani mabamba membamba ya kupimia pengo. Hii haina mbadala.
- Bisibisi bapa mbili, moja ndogo na moja ya kiasi.
- Spana namba 10 ya bolti inayobana distribyuta, na namba 21 ya nati ya puli ya dinamo, ambayo utaitumia kuzungusha injini.
- Balbu ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili. Ya dashibodi au ya taa za kuegesha inatosha. Beetle nyingi za kabla ya 1967 ni za volti 6, kwa hiyo angalia betri yako kwanza ununue balbu inayolingana nayo.
- Msasa laini kabisa au tupa ndogo ya kucha.
- Kitambaa safi kisichoacha nyuzi, thina kidogo, grisi kidogo na tone la oili.
- Seti mpya ya pointi na kondensa (inayozuia pointi zisiungue), kama za zamani zimechoka.

Ukienda kununua spea Kirinyaga Road, Nairobi, beba za zamani mkononi. Usiseme tu "nataka pointi za Volkswagen", kwa sababu Bosch ilitengeneza distribyuta za aina nyingi na pointi zake hazifanani zote. Ziweke ile ya zamani na mpya pamoja kwenye kaunta, ulinganishe tundu la skrubu, urefu wa waya na upande spring ilipo. Kisha funga pointi mpya kwa vidole na uzitazame ubavuni kwenye mwanga. Nyuso mbili zinafaa kukutana sawasawa. Zikigusana kwenye ncha moja tu, rudisha, uombe nyingine. Na ibonyeze ile spring: ikiwa legevu, gari litakosa moto ukienda kasi.

Vipimo vya kawaida

- Volkswagen Beetle: pengo 0.4 mm, mpangilio wa moto (silinda zinavyofuatana kupata cheche) 1-4-3-2
- Peugeot 404: pengo 0.4 mm, mpangilio 1-3-4-2
- Datsun 1200: pengo 0.45 hadi 0.55 mm, mpangilio 1-3-4-2
- Mini, na Land Rover Series yenye distribyuta ya Lucas: pengo 0.35 hadi 0.40 mm, mpangilio 1-3-4-2

Wenye Peugeot wasikilize: Peugeot 404 na 504 huhesabu silinda kuanzia upande wa flaiwili, si upande wa feni. Silinda ya kwanza ndiyo iliyo karibu na wewe unayeendesha. Wengi hukosea hapo.

Hatua kwa hatua

1. Andaa gari. Injini iwe imepoa, gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe, swichi izimwe. Vua pete na saa. Kama una leso au tai shingoni, itoe, kwa sababu baadaye utawasha injini ukiwa umeinama karibu na mkanda wa feni. Na usifanye kazi hii ndani ya gereji iliyofungwa: moshi wa ekzosi unaua bila kelele.

2. Fungua kifuniko cha distribyuta. Ni klipu mbili tu, sukuma kwa bisibisi. Usichomoe nyaya za plagi, weka kifuniko kando pamoja na nyaya zake. Kisha chukua kalamu ya rangi nyeupe, chora mstari mmoja unaovuka kutoka kwenye mwili wa distribyuta hadi kwenye injini. Ukipotea, mstari huo utakurudisha ulikoanzia.

3. Tazama pointi kabla ya kuzilaani. Toa rota, kile kipande kinachozunguka juu ya mhimili, kwa kuivuta juu. Zibanue pointi kwa bisibisi ndogo, umulike kwa tochi ya simu. Uso wa kijivu uliofifia ni wa kawaida, wala haudai kitu. Ukiona uso umeungua na kuwa wa bluu au mweusi, shuku kondensa, au grisi iliyorukia hapo. Ukiona upande mmoja umeota kichuguu na mwingine umechimbika shimo, badilisha pointi na kondensa kwa pamoja. Uchafu mwepesi unatoka kwa msasa laini, ukimaliza futa kwa kitambaa chenye thina, kwa sababu punje moja ya msasa ikibaki hapo inatosha kuzuia moto.

Kichuguu hicho kinadanganya fila geji pia. Bamba la fila geji linakaa juu ya kilima na kukusomea 0.4, kumbe pengo halisi pembeni ni kubwa zaidi. Pointi zenye kichuguu hazipimiki kwa fila geji. Ziwe laini kwanza, au ziwe mpya.

4. Lainisha. Tone moja la oili kwenye kile kitambaa kidogo kilicho juu ya mhimili, chini ya rota. Futa kemu, yaani ule mhimili wenye pembe nne, kisha upake grisi kiasi cha punje ya mchele. Isizidi. Grisi ikizidi hurushwa kwenye pointi na kuzichoma. Lakini ukiacha kemu kavu, kisigino cha pointi (kile kipande cha plastiki kinachosugua kemu) kitaisha upesi, pengo litajifunga lenyewe, na baada ya wiki chache utarudi hapa hapa.

5. Funga pointi mpya. Zifute kwanza kwa thina: nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepakwa mafuta mepesi ya kuzuia kutu, na mafuta hayo huzuia umeme. Ingiza kitambaa kwenye matundu ya bamba la distribyuta kabla ya kufungua skrubu. Ikidondoka ndani, itabidi distribyuta itoke. Bisibisi yangu niliisugua kwenye sumaku ya spika iliyokufa, na tangu hapo inashika skrubu yenyewe.

Sasa kuhusu waya wa pointi. Mwaka niliofunga pointi kwa mara ya kwanza, gari lilinizimikia pale Globe, Nairobi, saa kumi na mbili jioni, matatu nyuma yangu zikipiga honi. Fundi mmoja akaja mbio, akabadilisha koili, akabadilisha kondensa, mwishowe akasema distribyuta imekufa. Nikalipia vyote, na gari halikuwaka. Ni mzee mmoja muuza spea aliyekuwa akifunga duka ndiye aliyechungulia na kuniambia, "Kijana, hebu tazama huo waya umeegemea wapi." Kichwa cha waya wa pointi kilikuwa kimegusa ukuta wa distribyuta. Akakipinda kwa kucha, nikapiga swichi, likawaka.

Kwa hiyo: upande wa pointi unaosogea, spring yake na kichwa cha waya wake haviruhusiwi kugusa chuma chochote cha distribyuta. Kwenye distribyuta za Lucas kuna vikombe vidogo vya plastiki vinavyotenga waya, na lazima virudi kwa mpangilio ule ule uliovikuta. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua. Ukimaliza, kaza skrubu nusu tu, ili pointi zisogee kwa shida kidogo.

6. Panda kileleni mwa kemu. Tia spana 21 kwenye nati ya puli ya dinamo, zungusha injini kwa mwelekeo wa saa, polepole, huku ukitazama kisigino. Simama kisigino kinapokuwa juu kabisa ya pembe moja ya kemu, pointi zikiwa zimeachana kabisa. Ukipima kisigino kikiwa bado mteremkoni, pengo utakaloweka ni la uongo. Kwenye gari lisilo na nati ya kufikia, tia gia ya mwisho na umwombe mtu alisukume gari kidogo kidogo mahali tambarare.

7. Weka pengo. Chagua bamba la 0.4, ulifute. Liingize katikati ya pointi, likiwa sambamba na nyuso zake. Tumbukiza bisibisi kwenye kitundu kilicho kati ya vinundu viwili vya bamba la distribyuta, uipinde kulia au kushoto: pointi zinafunguka na kujifunga kidogo kidogo.

Unatafuta mguso fulani, na mguso huo maneno hayatoshi kuufundisha, ila nitajaribu. Bamba lipite, lakini ulisikie linakwaruza kwa upole, kama unavyovuta karatasi chini ya daftari lililofungwa. Likipita bila kugusa kitu, pengo ni kubwa. Likizisukuma pointi ili lipate njia, pengo ni dogo: tazama mkono wa pointi unapoingiza bamba, usitikisike. Kisha jihakikishie kwa mabamba mengine mawili. La 0.35 lipite huru, la 0.45 likatae kuingia bila nguvu. Jaribio hilo la mabamba matatu ndilo linalomwokoa anayeanza, kwa sababu halitegemei uzoefu wa vidole.

Kaza skrubu, halafu pima tena. Nasisitiza: pima tena. Skrubu ikikazwa husogeza pengo karibu kila mara. Mimi mwenyewe, baada ya miaka yote hii, hurudia mara mbili au tatu.

Kuhusu pakiti ya sigara na blade ya msumeno: barabarani Mtito Andei usiku, gari limekataa, tumia ulichonacho ufike. Nyumbani, hapana. Tofauti ya 0.1 mm huioni kwa jicho, ila injini inaisikia.

8. Pima pembe zote nne. Zungusha injini, upime kwenye kila pembe ya kemu. Zikipishana kidogo sana, endelea. Zikipishana sana, shika ncha ya mhimili wa distribyuta uisukume kushoto na kulia. Ikicheza, bushi (vibomba vinavyoshika mhimili) zimekwisha. Hapo hakuna pengo litakalotulia, hata ufunge pointi za dhahabu, na distribyuta inahitaji bushi mpya.

9. Weka taimingi kwa balbu. Zungusha injini kwa mwelekeo wa saa hadi rota ielekee kikato kidogo kilicho kwenye ukingo wa distribyuta ya Bosch. Hicho ndicho kikato cha silinda ya kwanza. Endelea kidogo hadi alama ya taimingi kwenye puli kubwa ya chini ilingane na mstari ambapo nusu mbili za injini zimekutana. Ukipitiliza, usirudi nyuma ukaishia hapo: rudi robo mzunguko, uje tena mbele, ili ulegevu wa gia usikudanganye.

Alama ipi? Beetle nyingi za 1300 na 1500 za mwishoni mwa miaka ya 1960 ni digrii 7.5 kabla ya pistoni kufika juu. Lakini puli na distribyuta nyingi zimeshabadilishwa kwa miaka hii yote, kwa hiyo fuata kitabu cha injini na distribyuta uliyo nayo, si mwaka ulioandikwa kwenye logbook.

Sasa unganisha waya mmoja wa balbu kwenye nguzo ya koili yenye waya mwembamba unaokwenda kwenye distribyuta, na waya wa pili kwenye chuma safi cha injini. Washa swichi bila kupiga stata. Legeza bolti namba 10 kiasi tu cha distribyuta kuzunguka kwa mkono. Zungusha mwili wake kwa mwelekeo wa saa, ambao ndio mwelekeo wa rota ya Beetle, hadi balbu izime: pointi zimefungana. Kisha uurudishe kinyume, taratibu mno, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani. Balbu inapowaka tu, simama. Hapo ndipo pointi zinapofunguka, na hapo ndipo cheche inapozaliwa. Kaza bolti. Rudisha injini nyuma robo mzunguko, ilete mbele tena, uone kama balbu inawaka alama inapolingana. Isipowaka hapo, rudia.

Fanya hivi jioni, giza likianza kuingia. Pointi zinapoachana utaona kacheche kadogo ka bluu kati yake. Ukikaona, ujue sehemu yote ya umeme mdogo inafanya kazi.

Onyo: usiache swichi imewashwa huku unaenda kunywa chai. Pointi zikiwa zimefungana, koili hupata moto bila kupumzika, na inaweza kuungua.

10. Rudisha na uwashe. Rota, kifuniko, klipu. Ondoa balbu, toa spana kwenye puli ya dinamo (wapo walioisahau na ikaruka), kisha uwashe. Kama una mita ya dweli (hupima pointi hukaa zimefungana kwa digrii ngapi), Beetle yenye pointi mpya isome kati ya digrii 44 na 50. Kama una taa ya taimingi, itumie sasa. Kama huna, lipeleke gari kwenye mlima, Limuru Road kwa mfano, na uisikilize injini ikiwa na mzigo.

Likisumbua

*Haliwaki kabisa baada ya kufunga pointi.* Mara nyingi ni waya uliogusa ukuta, pointi ambazo hazikufutwa mafuta, au rota uliyoiacha juu ya boneti. Unganisha balbu tena uzungushe injini. Balbu isipowaka kabisa, umeme unakimbilia kwenye mwili wa distribyuta, au haufiki kwenye koili. Ikiwaka bila kuzima, pointi hazigusani au ni chafu.

*Linawaka kisha linakohoa na kulipuka kwenye kabureta.* Angalia mpangilio wa nyaya. Beetle ni 1-4-3-2, na mtu aliyezoea Datsun huweka 1-3-4-2 bila kufikiri.

*Linagonga kama mawe kwenye kopo likipanda mlima.* Taimingi imewahi mno. Usiendelee kulikanyaga, pistoni zinaumia. Zungusha distribyuta kidogo sana kwa mwelekeo wa rota.

*Zito, halina nguvu, injini inapata moto.* Taimingi imechelewa. Kama hukugusa kitu na limekuwa hivi polepole, kisigino kimelika na pengo limejifunga. Anza hatua ya saba, kisha ya tisa.

*Plagi zina masizi meusi.* Usizilaumu pointi haraka. Nairobi iko mita 1,700 na ushee juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kabureta iliyopangwa Mombasa humwaga petroli nyingi ikifika huku.

*Linasumbua asubuhi za mvua, mchana liko sawa.* Fungua kifuniko, ukifute kikauke, utafute ufa mwembamba kama unywele mweusi ndani yake. Kikiwa na ufa, badilisha.

*Pointi zinaungua kila baada ya wiki chache.* Badilisha kondensa. Ikiendelea, hakikisha koili ni ya volti za gari lako.

Mwisho kuna swali la kubadilisha hadi mfumo wa elektroniki. Siupingi, unafanya kazi vizuri, na ukiendesha kila siku kwenye jam ya Mombasa Road utaufurahia. Ila Volkswagen iliposhinda Safari Rally mwaka 1962, na Peugeot 404 iliposhinda mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, ilikuwa kwa pointi, kwenye matope na vumbi. Pointi zikikataa, dereva anashuka, anasugua kwa tupa ya kucha, anaendelea. Kile kijisanduku cha elektroniki kikifa, hakuna cha kusugua. Ukikifunga, weka bamba lako la zamani la distribyuta, pointi zake na kondensa kwenye kopo ndani ya gari, pamoja na bisibisi ndogo.

Pointi mpya zipimwe tena baada ya kilomita 500, kwa sababu kisigino kipya hulika kidogo kinapozoeana na kemu. Ukikuta pengo limepungua, lirekebishe, na urudi kwenye balbu.